Mama Gelasius na Vinu Viwili: Wasifu wa Marehemu Anisia Mbuke Ngassa (1947–1988)

Marehemu Anisia Mbuke alizaliwa Didia tarehe 12 Mei 1947, mtoto wa tatu wa Mzee Ngassa na Mama Zipora. Tangu utotoni alikuwa mbishi wa kupendeza, na hakukubali jambo mpaka alijaribu yeye mwenyewe kwanza.

Alisoma shule ya msingi Didia, kisha sekondari Tabora. Mwaka 1972 alihitimu shahada ya kemia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaajiriwa katika maabara ya madini mjini Shinyanga. Alikuwa mwanamke wa kwanza kushika kazi hiyo pale, na wapo waliosubiri ateleze.

Kazi yake kubwa ilikuwa kusaga mawe ya dhahabu kutoka Geita na kuyapima. Julai 1978 ililetwa gunia la makaa ya mawe kutoka Mbeya. Shule moja ya wasichana ilitaka kuyapikia, maana kuni zilikuwa zimeadimika na wanafunzi walikwenda mbali porini kuzitafuta. Anisia alitakiwa kupima aseniki, sumu inayojificha ndani ya makaa kwa kiasi kidogo mno. Aliyasaga, akayachoma, akayeyusha majivu kwa asidi, akatia zinki. Gesi ilipopanda, karatasi ya kupimia ikawa kahawia. Sumu ilikuwa nyingi. Akasaini majibu, akaenda likizo ya arusi.

Siku tatu kabla ya arusi, ndugu walikaa kula ugali wa udaga, yaani muhogo mkavu. Tonge la kwanza tu, mjomba wake Mabula akatokwa machozi. Kumbe unga ulitwangwa katika kinu kilichotoka kutwangiwa pilipili. Watu walicheka hadi wakashika mbavu, lakini bibi harusi aliomba viatu vyake.

Shangazi yake Scolastika akasimama mlangoni. "Yaya, hapana! Bibi harusi haendi kazini!"

"Shangazi, makaa yale niliyasaga katika kinu cha mawe ya Geita," alisema Anisia, "na mawe ya Geita yana aseniki. Wale watoto watanyimwa moto kwa uvivu wangu wa kuosha."

Kule maabara, mkuu wake, Bwana Maganga, alimwonea huruma. "Umeshasaini, Anisia. Ukifuta, watasema hujui kazi."

"Acha waseme. Nitasaini majibu mengine yanayosema nimekosea."

Alisaga mchanga safi katika kinu kilekile, na karatasi ikawa kahawia vilevile; sumu ilikuwa ya kinu. Akachukua kinu kipya, akasaga makaa, na mara hii karatasi ikapata umanjano hafifu tu. Bwana Maganga mwenyewe alipeleka majibu mapya shuleni, na jiko likajengwa.

Jumamosi, tarehe 19 Agosti 1978, Anisia alifunga ndoa na Mwalimu Clemens Maige wa Ushirombo. Zawadi ya bwana harusi ilikuwa vinu viwili, cha unga na cha viungo, na ole wake aliyevichanganya! Nyumba yao ilikuwa ya furaha, tulishuhudia.

Mwaka 1986 alianza kusumbuliwa na moyo. Hata alipolazwa hospitali ya mkoa, kila alipotolewa damu aliuliza kwa upole, "Chupa imeoshwa, mwanangu?" Wauguzi walimpenda kwa hilo. Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Aprili 1988, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe.

Jana, hapa msibani, kina mama waliotwanga udaga walikuwa wamesoma shule ile na kula chakula cha jiko lile. Mmoja alipobeba pilipili kuelekea kinu cha karibu, Shangazi Scolastika akapiga kelele, "Hicho ni cha unga! Unataka Anisia ainuke?" Tukacheka, halafu tukalia. Tumempenda sana.

Ameacha mume, Mwalimu Clemens. Watoto watatu, Gelasius, Salvina na Alois. Mama yake mzazi, Mama Zipora. Shangazi yake, na ndugu wengi.

Apumzike kwa amani Mama Gelasius. Vinu vyote viwili tumeviosha.