Koti la Marehemu Jukwaani

Ndani ya basi la Agrigento, nyuma yangu, mama mmoja alikuwa akimlalamikia mzee asiyemjua.

"Mume wangu Gerlando anaigiza. Juzi nilimwona jukwaani na koti la marehemu baba yangu, bila kuniomba! Nikasimama ukumbini, nikamfokea. Watu wakapiga makofi!"

"Tulidhani ni mchezo, mama. Si yule mwandishi wa tamthilia wa mji wetu huu ndiye aliyetuzoesha waigizaji kukaa hata kati ya watazamaji? Nilikuwepo. Ulinitoa machozi."

"Sasa waigizaji wenzake wanataka nimfokee katika kila onyesho. Nitawezaje, na nimeshamsamehe?"

"Si uigize tu!"

"Mimi? Siwezi kujifanya."

Basi likasimama. Kituoni alisubiri mwanamume ndani ya koti lililompwaya. Mama akashuka akifoka, huku akimfunga vifungo asipigwe na baridi. Mzee akaanza kupiga makofi, basi zima tukaungana naye.