Kibaraza cha Norman Kimezidi Mita Moja na Ushee

Benchi la mbele ya mgahawa wa Brenda, mjini Oldham, lina wenyewe. Mvua inyeshe isinyeshe, utamkuta Norman, aliyetandika mazulia ya watu miaka arobaini, wakamwita Zulia. Keith, aliyewahi kuwa mzee wa baraza mahakamani kwa siku mbili, wakamwita Hakimu. Na Maurice, wamwitaye Profesa, ingawa hakuna ajuaye alisomea nini. Jumanne hiyo Zulia aliiacha chai yake ipoe. Miguu ya mkewe, Edna, haina nguvu tena, na Zulia alikuwa anamjengea kibaraza cha mlangoni ili kigari chake cha umeme kisinyeshewe. Sheria inaruhusu mita tatu za mraba bila kibali. Zulia kapima tatu kamili, lakini kwa ndani, kama alivyopima vyumba maisha yake yote. Serikali inapima kwa nje, na kuta zake ni nene.

— Kwa nje ni ngapi? akauliza Hakimu.

— Nne na ushee.

— Umekwisha, kaka. Watakuja na tingatinga.

— Nani atawaambia? akadakia Profesa.

— Yule mama aliyehamia jirani. Wiki tatu sasa, kila nikichanganya saruji naona pazia lake linatikisika.

— Huyo si jirani, huyo katumwa na halmashauri. Siku hizi wanapangishiwa nyumba kabisa.

— Kwa ajili ya kibaraza?

— Wanaanzia kibaraza. Banda la njiwa la shemeji yangu walilipima kutoka angani.

— Achana naye, akasema Hakimu. Sikiliza. Kwenda juu mwisho mita tatu. Kwenda chini hawajasema kitu. Wewe chimba.

— Edna ashuke na kigari shimoni?

— Basi waambie ni kabati, akasema Profesa. Kabati haliombewi kibali. Tundika makoti mawili.

— Kabati la matofali?

— Wakatae wao.

— Au geuza, Hakimu akasema. Kibaraza kiwe ndiyo nyumba, halafu nyumba iwe nyongeza.

Zulia akacheka kidogo. Roho ikamtulia, akaagiza chai nyingine tatu.

Ndipo yule mama wa jirani akatokea na kapu la viazi.

— Bwana Ollerenshaw? akamwuliza Zulia. Mimi Pauline, jirani yako.

— Tuko ndani ya sheria, akawahi Hakimu.

— Mambo hayo siyajui. Nataka kumwalika mkeo chai kwangu. Kila siku tunapungiana mikono dirishani. Ila naona mlango wa mbele umezibwa na matofali na saruji, na wa nyuma una ngazi. Huwa anatokea wapi?

Hakimu akamtazama Profesa. Profesa akamtazama Zulia. Zulia alianza kujenga mwezi wa tano, na sasa ni wa tisa. Aibu ikamshika mpaka masikioni.

Brenda akaleta zile chai tatu, akaziweka benchini. Hakuna aliyenyoosha mkono.