Mkono wa Kushoto wa Mama Clara

Baba Paroko, ndugu zetu mliotoka Kanyigo, wanajumuiya, majirani wa Ulongoni na Gongo la Mboto yote, mimi ni Gervas, mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, na kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda hotuba ndefu, na mara mbili aliwahi kunyanyuka msibani mtu akiwa bado anasoma, nitajitahidi nisimchoshe.

Margareta Kokugonza alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 katika kijiji cha Kanyigo, mkoa ambao siku hizo uliitwa Ziwa Magharibi na sasa ni Kagera, akabatizwa mwaka huo huo, akasoma shule ya msingi hapo kijijini kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, kisha akajifunza ushonaji kwa masista mjini Bukoba, akarudi nyumbani na mkasi wake na maneno mengi kuhusu jinsi sisi wengine tulivyokuwa tunavaa vibaya.

Mwaka 1988 alikuja Dar es Salaam kwa shangazi yetu wa Tandika, Temeke, akaajiriwa kwenye kiwanda cha nguo hadi kilipofungwa, ndipo akanunua cherehani yake na kuanza kushona sare za shule, na wengi mliokaa chini ya turubai hili mmesoma mkiwa mmevaa kazi ya mikono yake. Tarehe 6 Januari 1996 alifunga ndoa na shemeji yetu Ansbert Mujuni, karani wa ghala, mtu mpole ambaye ukoo wetu ulidhani asingeuweza ule mdomo, akauweza, wakahamia hapa Ulongoni, Mungu akawajalia watoto watatu, Clara aliyezaliwa mwaka 1997, Brightson mwaka 2000 na Gladness mwaka 2005.

Ijumaa tarehe 9 Juni 2023, mchana, akiwa kwenye cherehani, mkono wake wa kushoto, ule unaoongoza kitambaa, uliacha kumtii, akautazama umelala juu ya meza, akamwambia Gladness kwamba huu mkono si wake, na Ansbert alipofika na kuushika, mkewe hakujua kama ameshikwa. Hospitali walipiga picha ya kichwa, wakasema ni kiharusi kidogo upande wa kulia wa ubongo, mahali panapoitwa thalamasi, jina ambalo hakuna aliyelishika siku ile, sisi tulishika lile neno “kidogo” tu, tukashukuru.

Sasa kwetu mgonjwa wa kiharusi hukandwa, hilo hatufundishwi na mtu, na jirani yetu mwema Mama Zubeda alileta mafuta ya mnyonyo kwa moyo wake wote, Ansbert akachemsha maji ya chumvi, akawa anamkanda mkewe asubuhi na jioni, kuanzia begani hadi vidoleni, akimpigia stori za ghalani, na ilipofika mwezi Agosti Margareta akaanza kushtuka akiguswa, tukasema damu inarudi. Jumuiya mkaja, mkamzunguka, kila mmoja akaweka mkono wake juu ya mkono ule na kusali, yeye akiwa ameuma upande wa khanga, machozi yanamtiririka, nasi tukalia naye kwa furaha, hadi aliposema taratibu, jamani, mie mnaniunguza.

Mwezi Oktoba daktari alimkalisha Ansbert na Clara akawaeleza, kwamba katikati kabisa ya ubongo kuna vitu viwili mfano wa mayai ya njiwa, kimoja kila upande, na kila habari itokayo mwilini na machoni na masikioni, mguso, joto, baridi, maumivu, hupita hapo kwanza kama abiria kwenye stendi kuu, ikapangwa, ndipo ikapelekwa juu ambako mtu huitambua, na hapo hapo pia ndipo usingizi na kuamka vinapoongozwa, na kwamba stendi ya upande mmoja ya Margareta imeharibika, kwa hiyo mguso wa shuka, upepo wa feni, mkono wa mumewe, vyote vinafika juu vikiwa moto. Ansbert aliuliza inatengenezwaje, akajibiwa haitengenezwi, kuna vidonge vya kupunguza, akauliza na kukanda je, daktari akatazama chini, akasema aache tu.

Nawaomba mtu asimlaumu Ansbert, kwa sababu anajilaumu vya kutosha, na vidonge vilipunguza kidogo sana. Kuanzia siku ile alilala kwenye godoro chini, asije akajigeuza akamgusa mkewe, akamkatia nguo zote mkono wa kushoto, akawa kila mgeni akija anasimama mlangoni kumkinga, na alipokumbuka kwamba daktari alisema harufu ndiyo peke yake haipiti kwanza kwenye ile stendi, akaagiza senene, wale panzi watamu wa kwetu, kutoka Bukoba, akawa anawakaanga mlangoni mwa chumba, Margareta anafumba macho na kutabasamu, na hiyo ndiyo ikawa njia pekee iliyombakia mwanaume huyu ya kumfikia mke wake bila kumuumiza.

Jumanne tarehe 11 Novemba 2025 kiharusi cha pili kilipiga upande wa pili, naye akalala usingizi ambao hakuna sauti iliyoweza kumwamsha, Ansbert akaketi kushoto kwa kitanda, mikono yake magotini, akamuuliza daktari kama anaweza kumshika, daktari akasema kwa ukweli kwamba hajui kama bado anasikia maumivu, basi hakumshika, akaendelea kukaa hivyo hivyo hadi Jumapili tarehe 16 alfajiri, Margareta akakata roho bila kushikwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliotuambia ukweli hata pale ulipokuwa mchungu, inawashukuru majirani, Mama Zubeda ukiwa wa kwanza, jumuiya, mafundi wenzake, na wafanyakazi wenzake Ansbert, na tunaondoka jioni hii kwenda Kanyigo kumlaza nyumbani.

Kabla hatujaanza kutoa heshima za mwisho, Ansbert amenituma na ombi moja, kwa kuwa mmezoea kupita mkitazama tu, na kwa kuwa wengi wenu mlikuwa mkiogopa kumgusa kwa sababu yeye aliwazuia mlangoni, anasema sanduku limeachwa wazi upande wa kushoto, anayetaka amshike mkono, amshike vizuri, asiogope, ila yeye atatangulia, na anaomba mumwachie muda.

Dada, pumzika sasa kwa amani, ile ambayo mikono yetu yote ilishindwa kukupa.