Mama Katikati, Aliyeirudisha Namba ya Wilaya

Tunamshukuru Mungu kwa kutupatia marehemu, ambaye nyumbani na ofisini sote tulimwita Mama Katikati. Alizaliwa tarehe 17 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya useremala ya mjomba wake. Mjomba huyo ndiye anayewasomea haya. Familia ilimchagua kwa sababu hakuna mwenye sauti kama yake. Wenye wivu wavumilie.

Alisoma shule ya msingi mwaka 1969 hadi 1975, sekondari ya wasichana hadi 1979, kisha chuo cha takwimu, akahitimu stashahada mwaka 1984. Walimu wake wanasifiwa na wanastahili, lakini elimu ya kwanza aliipata karakanani. Siku moja, hata darasa la kwanza hajaanza, aliipanga misumari ya mjomba sakafuni kutoka mfupi hadi mrefu, akaokota wa katikati. "Mjomba, misumari yako ni mirefu kiasi hiki." Mjomba, aliyekomea darasa la sita kwa sababu shule ilimchoka, alimwambia airudishe koponi upesi.

Na kazi yake yote ikaja kuwa hiyo hiyo. Mwaka 1985 aliajiriwa ofisi ya takwimu, akapanda hadi kuwa mkadiriaji wa kipato cha kaya wilayani. Kaya zinapangwa kuanzia yenye kidogo hadi yenye kingi, na ile ya katikati ndiyo inayosema watu wanaishije. Wastani hakuutaka. Alisema ukimchanganya mwenye kiwanda na wabeba mizigo wake, halafu ukagawanya, kwenye karatasi wote wananenepa.

Tarehe 6 Agosti 1988 alifunga ndoa na fundi baiskeli aliyekutana naye akipita nyumba kwa nyumba kuuliza kipato. Fundi alijibu mpaka maswali ambayo hakuulizwa, akaeleza kwamba hana mke, anajipikia, na kila siku anaunguza. Walijaliwa watoto watatu. Mkwe wetu, asante. Ulimtunza vizuri, ingawa kuunguza hukuacha.

Mwaka 2006 ndio uliotupatia jambo tunalojivunia kuliko yote. Zahanati za wilaya zilikuwa zinatibu watoto wadogo bure, kwa sharti kwamba kipato cha katikati kisivuke kiwango kilichowekwa. Marehemu alikadiria, kikavuka, akapeleka namba. Wiki hiyo hiyo alimtembelea wifi yake, mfua nguo aliyepanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba tisa, akamwuliza kama makarani wa takwimu walifika. Wifi alicheka mpaka akashika ukuta.

"Walifika, wakamwuliza mwenye nyumba, wakatujumlisha wote. Tangu lini, wifi, mimi na yule mlinzi wa chumba cha mwisho tukawa familia moja? Humu kila mtu na sufuria lake. Hata chumvi hatuombani."

Marehemu hakucheka. Ni yeye aliyewaelekeza makarani, ili kuokoa muda, waandike geti moja kaya moja. Wapangaji maskini walikuwa wamejumlishwa wakawa tajiri mmoja, na nyumba za namna hiyo zilijaa wilaya nzima. Asubuhi yake alikwenda kuomba namba irudishwe. Mkuu wake, ambaye alikuwa ameshaisaini, alimwambia kwamba namba ikirudi, na yeye ajiandae kurudi kwao.

"Sawa, bosi," alijibu. "Lakini mtoto akikosa dawa kwa sababu ya lile geti, geti hilo nililiweka mimi."

Namba ikarudi. Yeye na makarani walipita upya, mlango kwa mlango, wakiuliza nani anapika na nani. Kipato kikashuka hadi mahali pake, na zahanati zikaendelea kutibu bure. Hakufukuzwa, ila alitupwa stoo ya makaratasi mwaka mzima. Mjomba alimfuata huko akamshauri aende kuomba radhi kwa mkuu. Alijibu kwamba radhi alishaomba, kwa wanaohusika. Baadaye walimrudisha kwenye meza yake, maana hesabu zilikuwa zimewashinda, na akastaafu kwa heshima mwaka 2021.

Oktoba 2023 figo zilianza kumsumbua. Tunawashukuru wauguzi waliomvumilia. Daktari alipomwuliza maumivu yake ni makali kiasi gani, alisema ampange kwanza na wenzake wa wodini. Alitutoka tarehe 9 Juni 2024, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wanne, ndugu wanne, wifi, na mjomba mmoja mzee ambaye kwa umri ndiye angesomewa. Ameacha pia watoto wa wilaya hii, ambao asubuhi ya leo wanapimwa homa na kupewa dawa, mama zao hawaulizwi hela, wala hawajui tunamzika nani.

Kwa ajili yake, na kwa ajili yao, tunasema asante. Apumzike sasa, kwa amani.