Kaka Yetu wa Nusu Kaputi

Ndugu waombolezaji, huyu tunayemzika leo alizaliwa tarehe 3 Mei 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa pili kati ya watano. Mimi ndiye niliyemfuata, na familia imeniomba nisome wasifu wake.

Alianza shule mwaka 1968. Siku mwalimu wa sayansi alipofundisha kwamba ulimwengu wote ulianza kutoka kitu kidogo mno, kaka aliuliza, "Na hicho kitu kidogo kilikuwa kimewekwa wapi?" Akapigishwa magoti nje ya darasa. Nyumbani akamgeukia mama: kabla hakujawa na chochote, palikuwa na nini? Mama akamjibu, "Palikuwa na vyombo vichafu. Kaoshe!" Aliosha, lakini kuuliza hakuacha.

Alihitimu chuo cha utabibu mwaka 1985, akaajiriwa hospitali ya wilaya kutoa nusu kaputi, dawa ya usingizi wa upasuaji, mpaka alipostaafu mwaka 2021. Mgonjwa akizinduka, alimuuliza kwanza jina lake, kisha, "Ulikuwa wapi?" Mama mmoja muuza mkaa alimjia juu: "We daktari, si wewe uliyenipeleka? Waniuliza mimi?" Kaka alicheka wiki nzima. Lakini wengi walisema hawakuwa popote, na jibu hilo lilimkosesha raha. Alisema mtu si nyama na mifupa tu, kuna mwenyewe humo ndani, ila hakuelewa huyo mwenyewe hutoka wapi, wala akizimika huenda wapi.

Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi cherehani, wakajaliwa mabinti wawili. Sisi wengine tulimkimbia na maswali yake, shemeji alikaa naye mezani akayasikiliza. Hapo mezani ndipo alipomwambia, mabinti wakisikia: "Siku mwenyewe nikiwa nimeshaondoka, mke wangu, usiuweke mwili kwenye mashine."

Tarehe 9 Agosti 2024 alianguka bafuni, mshipa ukapasuka kichwani, hospitali wakamweka kwenye mashine ya kupumulia. Madaktari walimpima, wakarudia kumpima, wakasema ubongo umekufa. Dada yetu mkubwa aliona kidole kikicheza. Daktari akaeleza kwamba huo ni mshtuko wa uti wa mgongo tu, si ubongo, kaka hayupo. Sasa niseme wazi, maana minong'ono imefika mpaka chini ya turubai hili: shemeji hakumuua mtu. Sote tuliombwa tuamue kama mashine izimwe. Sote tukaangalia sakafu, tukatoka kwenda koridoni mmoja mmoja. Yeye alibaki, akamshika mkono, akasema, "Izimeni." Kaka alifariki mchana wa tarehe 14 Agosti.

Je, alisikia? Sijui. Hata yeye, aliyewalaza watu miaka yote hiyo, hakujua. Jambo hili linanitesa jamani, na udongo wa leo hautalifunika. Lakini kumsukumia mjane hofu yetu hakutatupa jibu.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja na sisi ndugu zake wanne. Namwona mjane ameketi nyuma kabisa, peke yake, kama mgeni. Shemeji, njoo mbele. Wa kwanza kutia udongo ni wewe. Dada, naomba umpishe.

Kaka, lala kwa amani.