Donati za Kuoka za Lucille

Benchi lenyewe liko barazani kwa duka la Perley, pale njia panda ya East Corbin, Vermont, kule Marekani, na ukitaka habari ya mtu yeyote wa kijiji kile, iwe ya kweli au ya kupikwa, utaipata hapo hapo. Mwezi wa kumi umefika katikati, majani yameshapukutika, baridi ya asubuhi inang'ata masikio, lakini wazee wa benchi hawaingii ndani hata uwafukuze na fagio. Kahawa wanajimiminia wenyewe kutoka birika kubwa la dukani, kisha wanatoka nayo nje. Elwin, aliyefanya kazi ya kupasua mbao mpaka vidole vyake viwili vikabakia huko kiwandani, wanamwita Msumeno. Hollis ni Jaji, na wala hajawahi kukanyaga mahakamani. Mwaka mmoja tu aliombwa aonje pai kwenye maonesho ya wilaya, basi tangu siku hiyo hajanyamaza. Gaétan ni Redio, huyo nadhani hata nisikueleze. Zamani walikuwa wanne. Wa nne ni Armand, mume wa Lucille, ambaye moyo wake ulisimama mwezi wa nne wakiwa wanachanja kuni yeye na Msumeno. Madaktari waliuamsha, Mungu awabariki.

Sasa huyu Armand alikuwa mtu wa donati. Zile za bustani ya matufaha, zenye juisi yake na mdalasini, zinazotolewa kwenye mafuta zikiwa bado zinachemka. Kila asubuhi alikuja nazo benchini, mfuko umelowa mafuta, wakala wote. Alipotoka hospitali daktari akamwambia: vya kukaanga acha, vya kuoka kula kwa kiasi, na ule, mzee, unahitaji nguvu. Armand akasikia lile la kwanza tu. Akaanza kukiogopa chakula chote. Ndiyo maana Lucille akawa anaoka, na asubuhi ile akavuka barabara na sinia lililofunikwa kitambaa, moyo wake ukimdunda kana kwamba ndiye mgonjwa.

— Shemeji, umetuletea tena? Redio akauliza, mkono umeshaingia chini ya kitambaa.

— Kuleni, mniambie ukweli. Msinifiche.

— Ukweli wa jana tulikupa. Zile ungeweza kuzuilia mlango.

— Jana nilikoroga sana, Lucille akasema upesi upesi. Leo nimechanganya kidogo tu, nikaacha vibonge. Siagi nimepunguza, nimetia mtindi na matufaha ya kuponda. Juisi nimeichemsha mpaka ikawa nzito kama asali, ili ladha isipotee. Zimevimba vizuri, au siyo? Mnaona zilivyovimba?

Jaji alifumba macho akatafuna polepole, kidevu juu.

— Mdalasini upo. Kungumanga ipo. Karafuu kwa mbali. Lakini kuna kitu kimekosekana.

— Nini?

— Dhambi.

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Lucille hakucheka.

— Jamani, mimi sina mzaha leo. Jana kutwa nzima kanywa supu kidogo, basi. Nikimwekea donati anaigeuza, anaitazama, ananiuliza ndani kuna nini. Namwambia. Anasema atakula baadaye. Hiyo baadaye yenyewe haifiki! Akisimama suruali anaishikilia kwa mkono. Mtu anaisha namwona.

Wazee wakatazama vikombe vyao. Msumeno akakohoa.

— Tatizo ni oveni, akasema.

— Oveni ina nini?

— Umeiweka ukuta wa kaskazini. Upepo wa Kanada unapenya, joto linakuja upande mmoja. Donati inaiva huku inatetemeka.

— Acha uongo wako, Msumeno! Redio akadakia. Ni maji ya kisima. Tangu walipolipua ule mwamba wa barabarani, maji yote yana chuma. Chuma kikiingia kwenye unga, unga unalala.

— Sijatia maji, Lucille akasema.

— Si umeosha bakuli?

— Nimeosha.

— Haya basi!

Jaji akanyanyua kidole. Alikuwa ameshakula donati nne, ingawa zina kasoro.

— Nyinyi wote mnapapasa. Ni mayai. Msimu huu kuku wananyonyoka manyoya. Kuku anayenyonyoka ana huzuni, na yai la huzuni haliinui kitu. Pale maonesho nilikuwa nikionja pai najua kabisa kuku aliamkaje.

— Wee Jaji, utatuua! Redio akacheka.

— Cheka tu. Muulize mwenye kuku yeyote.

— Mimi nawaambia ni shimo, Msumeno akarudi, safari hii amesimama. Donati ya kukaanga shimo lake limekatwa, kuna kitu kimetolewa pale. Hii ya kuoka imezaliwa na shimo, bati la kuokea ndilo limelichora. Hilo si shimo, ni picha ya shimo. Mwili wa mtu unajua. Mwili wa mtu aliyekwisha fika kule na kurudi ndio unajua zaidi!

Mtu mwingine angeondoka na sinia lake. Lakini hofu haichagui la kuamini, na Lucille alikuwa amesimama pale anayapokea yote kama dawa.

— Kwa hiyo nijaribu mayai ya dukani? akauliza. Na oveni... oveni naweza kumwomba kijana wa Perley aisogeze. Mnadhani nikiisogeza atakula?

— Atakula, Jaji akasema, bila kumtazama.

— Mwezi ukipungua ndiyo uoke, Redio akaongeza. Shangazi yangu kule Kebeki, Kanada, alikuwa hakandi unga mwezi ukiwa mkubwa. Alifika miaka tisini na kitu.

Hapo mlango wa duka ukafunguka, akatoka Noreen, yule mama aliyehamia majuzi kwenye jengo la shule ya zamani, amebeba mkate na betri za tochi. Redio hawezi kumwacha mtu apite.

— Dada, njoo uwe shahidi! Onja hii utuambie ubaya wake.

Noreen akaweka mkate chini, akala. Akala yote, akalamba sukari ya mdalasini vidoleni.

— Ubaya gani? Laini, nyepesi. Naomba nyingine.

— Si ungojee kwanza tukueleze, Jaji akasema, akamweleza: mume wa huyu mama, moyo, daktari, suruali, oveni, kuku, kila kitu. Noreen alisikiliza mpaka mwisho, akitafuna ya pili.

— Pole sana, mama, akasema. Na akikaa kula, huwa anakula na nani?

Jaji akaanza kukung'uta makombo kwenye koti, akakung'uta hata yalipokwisha. Lucille aliwageukia wao wajibu, maana ndio waliokula na Armand miaka yote ile, kisha akaona swali limemfikia na yeye.

— Mimi husimama, akasema. Nasimama pale kwenye sinki namtazama kama anameza.

— Sisi tulisema tumwache apumzike, Jaji akasema.

— Tangu lini? Noreen akauliza, wala hakuuliza kwa ubaya.

— Tangu... basi tu. Tangu alipotoka.

— Hakuna aliyekwenda? Lucille akasema. Hata mmoja? Nilidhani mnakwenda nikiwa kanisani. Nilikuwa nadhani yeye ndiye hataki kuniambia.

Msumeno akakaa, akavua kofia.

— Naogopa, Lucille. Haki ya Mungu naogopa. Nilikuwepo. Alianguka miguuni pangu nikasimama na shoka mkononi kama mjinga. Nikimtazama usoni nitaiona siku ile.

— Na yeye anaiona kila siku, Elwin. Anaiona peke yake.

Akachukua sinia, akavuka barabara. Hakugeuka nyuma, maana angegeuka akakuta wamekaa vile vile asingejua afanyeje. Katikati ya barabara akasikia viatu, kisha vingine. Redio alikuja wa mwisho, anakimbia na kikombe cha kahawa kinachommwagikia.

Waliingia kwa mlango wa jikoni. Armand alikuwa mezani, shati limekuwa kubwa mabegani. Akawaona watatu wamesimama mlangoni, kofia mkononi, naye akawa mweupe.

— Nani kafa? akauliza.

Redio mwenyewe alitazama sakafu. Lucille akaweka sinia mezani, akavuta kiti, akakaa, kisha akachukua donati akaikata katikati.

— Hakuna aliyekufa, Armand. Sogea watu wakae.