Kona ya Mama Véronique

Ijumaa hii, tarehe 30 Agosti 1996, Mama Véronique Irangabiye anastaafu baada ya kutumikia vitalu, bustani na njia za miguu za Lilongwe kwa miaka ishirini. Tumekutana hapa kitaluni kumuaga, sisi wa mjini pamoja na ndugu zetu waliofika asubuhi kwa lori kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, vumbi hadi kwenye kope. Wanaotaka kulia waanze mapema, maana wasemaji ni wengi na maharage yanakaribia kuiva.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, Ambroise Bayingana, fundi wa vidaraja vya mbao. Walisema mimi ndiye niliyegombana naye mara nyingi kuliko wote, kwa hiyo namfahamu. Ni kweli. Kila kidaraja nilichojenga alikipanda, akarukaruka juu yake kwa uzito wake wote, kisha akanitazama. Kikilia hata kidogo, nilibomoa.

Alizaliwa Burundi, kwenye milima ya Bururi. Mwaka 1972 alikimbia mauaji pamoja na mumewe Lucien, wakakaa Kigoma, na miaka michache baadaye wakashuka hadi huku, wakati mji mkuu mpya wa Malawi ulipokuwa ukijengwa na waashi wakitafutwa kama dhahabu. Lucien alipata kazi ya mwiko. Véronique alipata ndoo ya kumwagilia miche, mwaka 1976, na wakapewa nyumba ya vyumba viwili hapa hapa kitaluni. Lucien alifariki mwaka 1988. Hawakujaliwa watoto, lakini sote hapa, hata wenye mvi, anatuita batoto. “Batoto, mukanyage pole pole, iko miche!” Hiyo ndiyo salamu yetu ya asubuhi.

Sasa niseme jambo ambalo limetukosesha raha tangu Pasaka. Nyumba ile ya vyumba viwili ni ya kazi. Kazi ikiisha, ufunguo unarudi. Kwao Burundi hali ya vita mnaijua, redio zetu zote zinalia habari hiyo hiyo. Dzaleka wangempokea kwa mikono miwili, lakini Dzaleka yenyewe inajaa kila wiki, watu bado wanalala kwenye vyumba vya gereza la zamani lililogeuzwa kambi, na mwanamke wa miaka sitini kuanza upya na turubai si jambo la kuchekea. Kila alipoulizwa atakwenda wapi, alijibu, “Mungu iko,” akainama kung'oa magugu. Tulijua kwamba usiku halali.

Nitalirudia hilo. Kwanza nisimulie kazi iliyompa jina.

Mwaka 1994 jiji lilikuwa na bustani nzuri huku na huku, lakini kila moja ilikaa peke yake kama mkwe aliyenuniwa. Kina mama wa mtaa wa Mtandire waliokwenda kuuza kwenye soko la Tsoka, mabeseni ya nyanya kichwani, walipita ukingoni mwa barabara ya magari, na si wote waliofika. Mama Véronique alimzika jirani yake mmoja aliyeuza sokoni kwa sababu ya lori. Baada ya maziko alianza kumsumbua mkuu wa kitengo chetu, Bwana Hubert: tuunganishe bustani kwa njia za miguu, tufuate mto Lingadzi, mtu atoke Mtandire hadi Tsoka kivulini bila kukanyaga lami. Alisumbua mpaka Bwana Hubert akawa anapitia mlango wa nyuma. Mwishowe alikubali, nafikiri ili apate kupumua.

Vibarua tuliwapata Dzaleka, ambako ndugu zetu wa Burundi na Rwanda walikuwa wameanza kufika. Walikuja kila Jumatatu, wakarudi Ijumaa. Mama aliwapikia nsima, ugali wa huku, akawafundisha kushika beleshi, na jioni akawasikiliza. Wengine walikuwa wameona mambo ambayo mtu hasimulii mara mbili.

Kazi ilikwenda vizuri hadi tulipofika kwenye ardhi ya mfumu Chisomba, yaani mkuu wa kijiji kimoja kandokando ya Mtandire. Kila mahali pale miti ilikuwa imekatwa kuni, ardhi iko uchi. Halafu, katikati ya uchi huo, kikundi cha miti mikubwa, minene, isiyoguswa na panga. Mama Véronique alikaribia kupiga magoti. Bustani iliyojiotea yenyewe, jamani! Akaamuru njia ipite katikati. Vibarua wakafyeka, wakafagia majani makavu, wakapasua gogo wakatengeneza benchi. Saa sita tukala maharage pale pale, na vijana wa Dzaleka wakaimba.

Mmalawi yeyote angetuambia. Huku miti isiyokatwa ni makaburi. Lakini kikosi chote kilikuwa cha watu wa milimani kwetu, Burundi na Rwanda, ambako marehemu huzikwa karibu na nyumba, pembeni ya migomba, na kichaka kikubwa ni kichaka tu. Tulikuwa tumefagia makaburi ya watu, tukala juu yake na kuimba.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na kuni alitupa mzigo akakimbia. Haukupita muda, wakaja adzukulu, wale wanaochimba na kulinda makaburi ya kijiji, wakiongozwa na Bwana Lufeyo, mzee mrefu ambaye hacheki bure. Walichukua majembe yetu yote, wakachukua na benchi. Mfumu akatuma neno: hakuna njia yoyote itakayopita kwenye ardhi yake, milele. Bila ardhi hiyo, Mtandire na Tsoka zisingeungana, na kina mama wangeendelea kugombania barabara na malori.

Bwana Hubert alitaka kutuma mkubwa mwenye gari na tai. Mama Véronique alikataa. Alisema kosa ni lake, na miguu ya kulipeleka anayo. Akaenda kwa mfumu na mbuzi na kuku wawili, akapiga magoti uani kama wafanyavyo wanawake wa huku, akasema “pepani”, yaani samahani, mpaka sauti ikakauka. Hakusema hakujua. Alisema, “Nilikuwa mugeni na sikuuliza.” Kisha akaomba kitu kimoja, aonyeshwe mwisho wa makaburi ni wapi, apate kuipinda njia yake mbali na hapo.

Bwana Lufeyo mwenyewe ndiye aliyemwonyesha. Walizunguka miti ile pamoja, mzee mbele, Mama nyuma na vigingi vyake, na kila mahali mzee alipoweka fimbo chini, Mama aliweka kigingi, kisha akarudi nyuma hatua kadhaa akaweka kingine, kwa heshima ya ziada. Akapanda ua wa vichaka kati ya njia na makaburi ili mtoto asipotee akaingia. Mzee alitazama yote hayo hadi mwisho. Siku ya pili majembe yetu yalirudi. Benchi halikurudi. Mfumu alikuwa amelipenda, akawa analikalia anapoamua kesi.

Njia ile ilifunguliwa mwaka jana. Ukitoka Mtandire unatembea raha mstarehe, kisha ghafla njia inapinda kwa adabu, inazunguka miti, halafu inanyooka tena hadi Tsoka. Watu wa Mtandire wanapaita Kona ya Mama Véronique. Na kitengo chetu kina desturi mpya: hatupigi kigingi popote kabla ya kuwauliza wenyeji wamezika wapi. Wahenga walisema aulizaye njia hapotei. Sisi tumejifunza kwamba hata mtengeneza njia lazima aulize.

Mengine aliyofanya nitayataja kwa haraka, maana mpishi ananiangalia vibaya. Mtaani Mchesi, nyuma ya maduka, palipokuwa jaa la takataka, leo wazee wanacheza bawo kwenye nyasi. Dzaleka, kutoka bombani hadi kwenye nyumba za udongo, kuna mistari miwili ya miti ya misangu aliyoiotesha kwa mkono wake. Na yule mwenye kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, aliyeingia nayo kwenye njia ya miguu aliteremshwa, akaulizwa habari za nyumbani, kisha akabebeshwa gunia la mbolea hadi kitaluni. Alirudi wiki iliyofuata kuomba miche. Ndivyo alivyo Mama, anakukaripia na unarudi.

Sasa lile swali. Mama Véronique, nakuona umekaa pale mbele, mikono magotini, ukijifanya hujali. Tumekuficha jambo, na kuficha kitu kwako ni kazi kuliko kujenga daraja.

Mwezi uliopita Bwana Lufeyo alikuja hapa kwa miguu, kwa njia yako, akaniuliza kama ni kweli kwamba yule mama wa vigingi anafukuzwa kwenye nyumba. Nikamweleza. Akaondoka bila kuaga. Jumapili iliyofuata mfumu Chisomba alituita, akatuonyesha kiwanja kwenye ile kona yako, upande wa pili wa njia. Adzukulu wamekwisha kufyatua matofali, vijana wa Dzaleka wamepandisha kuta, na milango nimetengeneza mimi. Nimeirukia kwa uzito wangu wote, haikulia. Benchi lako pia limerudi, liko barazani, limeng'aa kwa kukaliwa na kesi nyingi.

Bwana Lufeyo yuko hapa leo, ameketi nyuma yako, na ametuomba tuongeze neno moja kwa niaba ya adzukulu. Anasema mtu aliyepinda njia kwa ajili ya wafu wao si mgeni tena, kwa hiyo ndani ya ile miti nako wamekuwekea nafasi.

Mama yetu, zikomo, asante kwa kila kivuli. Ishi miaka mingi, ule vizuri, utukaripie tukipita konani. Nyumba ya kwanza hamia kesho, lori liko tayari. Ile ya pili, tunakusihi sisi batoto wako wote, usiwe na haraka nayo.